Tembo wa mpira anakwenda Kibosho

"Ndiyo mwisho wake basi."

Tangu Jumapili maneno haya hayanitoki. Nayasikia nikiosha vyombo, nayasikia zamu ya usiku nikipita chumba kwa chumba kuhakikisha wazee wamelala salama. Wiki yenyewe haikukosa mambo: wakaguzi walitushtukiza kazini, Baba Deo amepata ile kazi ya reli tuliyoiombea tangu Pasaka, Deo ameng'oka jino la mbele. Hayo nitayaandika nikipata nafasi. Leo niacheni niseme habari ya tembo.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba Jumapili baada ya misa, kama mvua inatuhurumia, tunapanda Dartmoor, nyika ya huku Devon, Uingereza, kucheza jiokashi: kutafuta kwa GPS makopo ambayo wachezaji wengine wameyaficha. Safari hii tulikwenda Haytor, kwenye reli ya mawe. Ilijengwa mwaka 1820 kushushia mawe magumu ya matale (graniti) kutoka machimboni, na reli zenyewe ni matale hayohayo, yamechongwa mfuo wa kupitisha gurudumu. Mawe ya pale ndiyo yaliyojengea Daraja la London lililofunguliwa mwaka 1831. Deo historia haimwingii hata kidogo. Yeye anatembea ndani ya mfuo, mguu mbele ya mguu, mpaka GPS iseme tumebakiza mita kumi.

Na hizo mita kumi ndizo jiokashi yenyewe. Simu inakwambia kushoto, ukienda kushoto inakwambia kulia. Unaitia mfukoni, unasimama, unajiuliza: ningekuwa mimi, ningeficha wapi? Na hapohapo unakumbuka adabu zake. Hubomoi ukuta wa mawe ya watu, huchimbi, hung'oi kitu. Kopo halifukiwi kamwe, kwa hiyo kama unahitaji jembe, umepotea njia. Ukimwona mpita njia unangoja apite, maana asiyejua mchezo akiliona kopo atadhani ni taka, na siku ya pili halipo.

Deo ndiye aliyeliona, nyuma ya kichaka cha miiba, chini ya jiwe lililolazwa upande kwa namna ambayo mawe hayalali yenyewe. Kopo la chakula lenye vibanio pande zote nne, limezungushiwa utepe wa rangi za kijeshi. Ndani mna daftari kwenye mfuko wa plastiki, kipande cha penseli, gololi, beji ya skauti, dinosaria aliyekatika mkia. Na tembo.

Tembo wa mpira, wa kijivu, sikio moja limechanika. Amefungwa kwa mnyororo kwenye kibati chenye picha ya mdudu na namba zilizochongwa. Kibati cha namna hii hakina mabadilishano. Beji unaweza kuichukua ukaacha kitu cha thamani ileile au zaidi, ila kibati ni msafiri, kinatoka kopo hadi kopo kwa mikono ya watu wasiojuana. Unakichukua kama unaweza kukisogeza kule mwenyewe anakotaka kifike. Unaandika mtandaoni kwamba unacho. Hukikalii. Wiki mbili zikipita na bado kiko kwako, unamwandikia mwenyewe umweleze sababu.

Kwenye shingo ya tembo kulikuwa na kadi iliyofunikwa plastiki, maandishi ya mtoto: Nataka kuuona Mlima Kilimanjaro. Naomba mnipige picha.

Nilikaa chini. Mimi, mtoto wa Kibosho, chini ya mlima huohuo, ambaye tiketi ya Desemba iko tayari kwenye droo, maana Mchaga asipoonekana nyumbani Krismasi watu huanza kuulizana amepatwa na nini. Katika makopo zaidi ya milioni tatu yaliyotapakaa duniani, huyu tembo alikuwa amekaa kwenye hili, na sisi ndio tuliolifungua. Deo alianza kuruka. Nikamwambia, "Tulia mwanangu, tunampeleka kwa Bibi."

Ndipo mzee akatokea, na mbwa wake, na kifaa cha GPS kinaning'inia kifuani. Tukajuana mara moja, wachezaji tunajuana. Kwa kawaida napenda sana mikutano hii. Tulisalimiana, akasaini daftari kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, akamwonyesha Deo mahali popo hulala. Kisha akamwona tembo mkononi mwangu.

"Unampeleka wapi?"

"Nyumbani, Tanzania. Kwenye mlima anaoutaka. Tunasafiri Desemba."

Akamtazama tembo, akanitazama mimi.

"Ndiyo mwisho wake basi."

Nikasema, "Tutaona." Akatutakia siku njema, akaondoka na mbwa wake.

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo linalonichoma. Alisema kwa upole wa mtu anayekuonya kwamba njia ya mbele ina tope. Nimeyarudia mazungumzo haya kwa kila sauti. Mara namsikia akimaanisha umbali tu. Mara namsikia akimaanisha kwamba kitu kikishafika kwetu ndiyo kimekwisha, kimeliwa. Nimejibu upya mara nyingi nikiwa peke yangu kwenye gari. Jibu moja lina adabu, jingine lina jina la baba yangu na heshima yake kijijini, jingine ni swali tu: mwisho kwa nini?

Baba Deo anasema, "Mama Deo, mzee alikuwa anaongelea kibati." Najua alikuwa anaongelea kibati. Lakini usiku ule, nikimfunika Deo, aliniuliza, "Mama, kwa nini yule babu alisema tembo atakufa kwa Bibi?"

Nilimjibu kwamba hatakufa. Nikashuka chini, nikafungua kompyuta, nikaingiza namba ya kibati ili nisome safari yake yote.

Nataka kuwa wa haki. Ukitazama ramani ya makopo, Devon imejaa alama hadi huoni barabara, na Tanzania zimetawanyika, nyingi kwenye njia za watalii. Kopo lisilotembelewa linamweka msafiri kifungoni mwaka mzima, na si kwa sababu mtu kaiba. Kama mzee angesema hivyo ningemwelewa, na tungeshauriana. Ila safari ya tembo nimeisoma mstari kwa mstari. Aliachiwa Ujerumani mwaka 2013 na mtoto wa miaka sita. Akapita Austria, akaenda Denmark, na huko akakaa kwa mtu mmoja karibu miaka mitatu bila neno. Kwenye droo, nadhani. Kisha Uholanzi, kisha Uingereza, akizunguka huku na huku. Kote huko hakuna aliyemwambia mtu wa Denmark usoni, mbele ya mwanawe, kwamba ndiyo mwisho wake.

Na huyu mzee ni mtu wa Dartmoor! Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Mchezo wa kuachiana vitu porini una mizizi kwao. Mwaka 1854 mwongoza wageni aitwaye James Perrott aliweka chupa Cranmere Pool, katikati ya nyika yenye matope, ili anayefika aache kadi yake ndani. Baadaye watu wakaacha postikadi zenye stempu, na anayefuata anazichukua akazitie posta. Miaka karibu mia na hamsini baadaye, tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya Marekani kuacha kuvuruga mawimbi ya GPS ya raia, Dave Ulmer akaweka ndoo porini karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza mahali ilipo kwa yeyote mwenye kifaa. Ndani alitia hata kopo la maharage. Sharti lake: chukua kitu, acha kitu. Hakuuliza anayekuja ni nani wala anatoka wapi. Ukiondoa imani hiyo, kinachobaki ni plastiki kwenye kichaka.

Niliandika hivyo Jumatatu kwa hasira, na sikuchapisha. Nilichofanya ni kumwandikia mwenye tembo. Nikajitambulisha, nikamweleza kwamba nitakaa naye mpaka Desemba na sababu yake, na kwamba kama hapendi nitamrudisha kwenye kopo Jumapili ijayo.

Alhamisi saa tisa usiku, wazee wote wametulia, simu ikatikisika mfukoni. Ni yule mtoto. Sasa ni kijana. Anasema alidhani kila mtu ameshamsahau tembo wake, na yeye mwenyewe alikuwa amekaribia kumsahau. Alimwamsha mama yake kumsomea ujumbe wangu. Anaomba picha ya tembo na theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na nyingine ya tembo juu ya mkungu wa ndizi, "kama ndizi zinaota huko." Kama zinaota! Kibosho! Nilicheka peke yangu kwenye korido hadi mwenzangu wa zamu akaja kuuliza kuna nini, nikamsimulia yote, kutoka reli ya mawe hadi mkungu.

Tangu hapo nimekuwa mtu mwingine. Nimeshapanga: asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaufunika mlima, tembo atasimama kwenye kingo za mfongo, mfereji wetu wa maji, Kibo nyuma yake. Halafu asonge mbele. Nilimpigia kaka yangu Aloyce kumwuliza tukiweka kopo letu upande wa Umbwe, nje ya hifadhi, kwenye njia wanayopita wapandaji, ataweza kulitunza. Lazima awepo mtu wa karibu, maana kopo la mgeni wa likizo halikubaliwi: daftari likilowa nani atalibadilisha?

"Dada, kwanza unaficha, halafu unatangaza lilipo. Sasa unamficha nani?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema kitu ambacho mwongozo wowote wa jiokashi wa Ulaya hauna: "Usije ukaliweka kwenye masale." Na kweli. Hapa Uingereza ua ni ua. Kwetu masale, mmea wa majani marefu, ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ni alama ya kaburi, ni jani unaloshika mkononi ukimwomba mtu msamaha. Kopo la siri likikutwa kwenye masale ya jirani, lenye vitu vidogovidogo na karatasi yenye majina, hakuna atakayeuliza habari za GPS. Wataitwa balozi wa nyumba kumi na padri, na nyumba mbili hazitasalimiana tena. Wala tusijione washamba kwa hilo. Mwaka 2011 huko Wetherby, kaskazini mwa Uingereza, kopo la mchezo huuhuu lilifungiwa mtaa na kulipuliwa na wataalamu wa mabomu, kwa kuwa mtu alimwona mwenzake akiinama mahali pasipoeleweka.

Kwa hiyo tumekubaliana: Aloyce atamwona kwanza mwenye shamba, halafu mwenyekiti wa kitongoji, na kopo litaandikwa kwa nje, kwa Kiswahili, ni la nini na simu ya nani. Hapo mlezi wa kopo tunaye, na tembo ana pa kupumzika hadi mpandaji wa kwanza anayecheza apite na kumchukua.

Ningependa Mama ndiye apige ile picha ya mkungu. Nimempigia jana jioni na leo jioni kumweleza, hapokei. Aloyce anafanya kazi mjini, anapanda Jumamosi kwa Jumamosi, anasema Mama yuko sawa, simu anaisahau bandani kwa ng'ombe. Inawezekana. Ila tulipoongea mara ya mwisho aliniita kwa jina la mama mdogo, marehemu, akaendelea kuniita hivyo mpaka tukaagana, na dawa za presha aliniambia zimebaki nyingi, wakati kwa hesabu yangu zilipaswa kuwa zimekwisha. Mlioko Kibosho mnaosali naye, kesho baada ya misa ya kwanza pitieni nyumbani mnitazamie kile kikopo cha dawa.