Kwadi ya kazi: kabureta nje, injekta ndani

Mradi umesogea jamani, kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) imewaka kwa injekta, kile kifaa cha umeme kinachopulizia mafuta kwenye injini, asubuhi ya baridi, bila choki, na silensa (mzunguko wa injini bila kuvuta aksileta) imetulia kabisa.

Kabureta yenyewe, ile ya zamani inayochanganya mafuta na hewa bila umeme, haikuwa mbovu. Shida ni kwamba mashine ya kazi inapaki wiki nyingi halafu unaihitaji siku moja ghafla, kumbe petroli iliyobaki kwenye bakuli la floti imekauka, imeacha utando wa kunata, jeti ya silensa, yaani kile kipande chenye tundu la kupitisha mafuta, imeziba. Ile jeti ukiiinua kwenye mwanga tundu lake ni dogo kama la sindano, uchafu kidogo tu unazima safari. Kwenye mteremko mkali nako mafuta yanalala upande mmoja wa bakuli, ama yanafurika ama yanakata. Ukipanda mita 1,000 hewa inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 10 lakini kabureta inamwaga mafuta kama kawaida, plagi inatoka nyeusi mpaka ubadilishe jeti.

Watengenezaji wenyewe walihama kwenye miaka ya 2000, Suzuki KingQuad 700 ya 2005 ilikuja na injekta, Honda Rincon 680 ikafuata 2006, halafu Yamaha wakatoa Grizzly 700 mwaka 2007 wakati Grizzly 660 ilikuwa ya kabureta.

Kazi iliyonila muda ni umeme na mafuta, injekta yenyewe ni boliti chache tu. Kabureta ilikuwa inashushiwa mafuta na tanki lililo juu yake basi, injekta inataka presha ya kama ba 3 (karibu mara tatu ya presha ya hewa ya kawaida), kwa hiyo pampu imeingia ndani ya tanki na mipira yote nimeweka ya presha. Kuna sensa ya kranki, ya joto la injini, ya presha ya hewa, ya aksileta, na kila waya nimeupima kwa mita kabla ya kufunga. Ukiwasha swichi pampu inalia zzz sekunde chache inanyamaza, naupenda sana ule mlio!

Ila tuseme ukweli, kabureta unaifungua popote kwa bisibisi, hii betri ikifa kabisa pampu haifanyi kazi, hata uvute kamba mpaka jioni. Bado naichagua hii, ila betri nimeweka mpya na sehemu za earth, pale waya zinapoungwa kwenye fremu, nimezisugua zote mpaka chuma kinang'aa.

Kilichobaki: ukivuta aksileta nusu inakwama kidogo kabla ya kushika kasi, nahisi mafuta hayatoshi pale kati. Nachomelea kishikio cha sensa ya oksijeni kwenye eksozi, nikishapata namba zake ndo narekebisha programu ya kompyuta inayoongoza injekta, halafu nafunga trela lenye mzigo.