Alasiri Niliyofundishwa Kukataa Bangi

Nilipokwenda kumwona mshauri wa kliniki ya afya ya akili jijini Dar es Salaam, wakati wa masika ya mwaka 2017, nilikuwa nimekwisha kuamua nitakachomwomba: nilitaka dawa. Tangu 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilikuwa ikiwapa methadoni waliokuwa wakitumia heroini, na mtaani kwetu walikuwapo vijana ambao kila asubuhi walikwenda kunywa dozi yao na kurudi kazini, hata watu waliokuwa wamewakatia tamaa wakaanza kuwakabidhi tena funguo za maduka. Niliamini kwamba mtu aliyevuta bangi kila jioni kwa miaka mingi, kama mimi, naye angekuwa na kikombe chake.

Mshauri, mwanamke wa makamo niliyemwamkia shikamoo na ambaye tangu siku hiyo aliniita mdogo wangu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia wazi kwamba kikombe hicho hakipo. Methadoni hushika mahali palepale katika ubongo panaposhikwa na heroini, ilhali bangi hushika mahali pengine, na hapakuwa na dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya kumwachisha mtu bangi. Tiba iliyokuwa na ushahidi ilikuwa ya mazungumzo na mazoezi: kuichunguza tabia yenyewe, inaanzia wapi na inalishwa na nini, halafu kujizoeza kutenda vingine palepale inapoanzia. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004, uliowahusisha watu wazima 450 waliotaka kuacha. Waliopata vikao tisa walipunguza uvutaji kuliko waliopata viwili, na hao wa viwili waliwapita waliowekwa kungoja. Wengi wao hawakuacha kabisa, na ninauheshimu utafiti huo kwa sababu haukulificha jambo hilo.

Kikao ninachotaka kukisimulia kilikuwa cha tatu. Nilikuwa nimeacha kuvuta kwa siku chache, silali vizuri, chakula hakipiti, na kila neno la mafundi wenzangu pale Keko, tulikokuwa tukitengeneza makabati na vitanda, lilinitia hasira. Mshauri alikuwa ameniandaa kwa hayo tangu mwanzo. Alinieleza kwamba arosto ya bangi, yaani mateso yanayompata mtu anapoiacha, huanza ndani ya siku moja hadi tatu, hukaza katika juma la kwanza, kisha kwa wengi hupungua ndani ya wiki mbili hivi, ingawa ndoto nzito na usingizi wa mang'amung'amu huweza kudumu zaidi. Kuambiwa mapema kulinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa sikuuona usiku mmoja wa kukesha kuwa dalili kwamba sitaweza.

Alianza kwa kuniomba karatasi aliyonipa wiki iliyotangulia, yenye safu za mahali nilipokuwa, niliokuwa nao, nilichowaza, nilichohisi na nilichotenda kila hamu iliponijia. Mimi nilikuwa na hakika kwamba kilichonirudisha kijiweni ni marafiki. Akaniambia, "Mdogo wangu, nisomee safu ya mawazo peke yake, kutoka juu hadi chini." Nikasoma. Karibu kila mstari ulikuwa na mteja aliyechukua mzigo akaahidi kulipa kesho, au aliyekata bei baada ya kazi kwisha, na chini yake wazo lilelile kwa maneno tofauti kidogo: nimefanya kazi bure, basi angalau leo nipate kitu changu mwenyewe. Marafiki walikuwa wakija baada ya wazo hilo. Sikuwahi kuliona kabla ya kuliandika, na hadi leo nadhani hiyo ndiyo sehemu ya tiba ile ambayo ushauri wa nyumbani, pamoja na upendo wake wote, haukuweza kunipa. Mama na kaka zangu walinihimiza niwe na msimamo, lakini hakuna aliyeniuliza jambo lililotokea saa moja kabla ya msokoto.

Kisha akanitaka nifumbe macho, nirudi katika saa kumi na moja ya Ijumaa, mteja akiwa ameondoka na kabati la mkongo bila kumaliza malipo, na nimwambie hamu imefika namba ngapi kati ya sifuri na kumi. Nilisema tano, baada ya dakika chache nikasema nane, nikataka kutoka nje. Hakunizuia. Aliniuliza tu hamu hiyo inakaa wapi mwilini. Nikamwambia iko kooni, na mikono inatafuta cha kushika. Akaniomba niendelee kuitazama, nisiifukuze wala nisiitii, akinieleza kwamba mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington aliwafundisha watu kuichukulia hamu kama wimbi, ambalo hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka lenyewe iwapo mtu hatalilisha. Tulikaa kimya. Nane ikawa sita, kisha tatu. Miaka yote ile sikuwahi kuiona hamu ikishuka bila moshi, kwa kuwa sikuwahi kuiacha ifike huko.

Tulimalizia kwa zoezi la kukataa. Mshauri aligeuka kuwa rafiki yangu wa kijiweni, na kwa kweli alijua kuigiza. "Vipi mwanangu, siku hizi umetuhama?" Nikamjibu kwamba kifua kinanisumbua. "Basi kesho kikipona." Nikasema sina hela. "Nani amekuomba hela?" Nikasema mama anaumwa. "Ndiyo maana unahitaji kutuliza akili." Hapo akarudi katika sauti yake na kunieleza kwamba kila udhuru niliotoa ulimpa mtu kazi ya kuutatua, jibu linalofaa ni fupi, hutolewa kwa kumtazama mtu usoni, kisha mazungumzo huhamishiwa kwingine. Tukarudia. "Nimeacha, kaka. Sivuti." "Umekuwa mlokole?" "Sivuti. Niambie habari za mtoto, amepona?" Tulirudia mpaka sauti yangu ikakoma kutetemeka, na katika marudio ya mwisho nilijisikia nikisema jambo ambalo lilikuwa kweli.

Jumamosi yake rafiki huyo alikuja karakanani, kwa kuwa nilikuwa nimebadilisha njia ya kurudia nyumbani na hakuniona. Nilikuwa nikipiga msasa. Maneno yake yalikuwa tofauti na ya mshauri, tena ya upole zaidi, jambo lililofanya kukataa kuwe kugumu kuliko kule klinikini. Nilimwambia nimeacha. Akasema sawa, akaketi juu ya mbao, tukazungumza kuhusu bei ya mninga iliyokuwa imepanda, kisha akaaga. Alipoondoka nilichukua karatasi yangu nikaandika saa, mahali, jina la mteja aliyekuwa hajalipa tangu Jumatano, na namba saba.