Kanda Isiyokuwa na Jina

Jumapili usiku, tarehe 13 Aprili 2003, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya televisheni ya ukumbi wa bweni letu mjini Columbus, Ohio, nakata selotepu kwa meno. Mkasi haukuonekana. Nyuma yangu kulikuwa na vijana kama kumi wakinihimiza, kila mmoja kwa maneno yake. Zilikuwa zimebaki dakika sita kufika saa mbili.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye akodiani, kile kinanda cha mvukuto.

Jirani yangu wa mlango wa pili, kijana wa shambani huko huko Ohio, mrefu mwembamba kama mlingoti, alikuwa na wazimu wa mtu mmoja aitwaye "Weird Al" Yankovic. Kazi ya bwana huyu ni kuchukua wimbo uliovuma, kuiacha tuni yake kama ilivyo, kisha kuyageuza maneno yawe kichekesho. Ile "Beat It" ya Michael Jackson aliigeuza mwaka 1984 ikawa "Eat It", habari za mtoto anayelazimishwa kula. Na ala yake ni akodiani. Wazazi wake walimwanzisha masomo ya akodiani akiwa mdogo, baada ya mchuuzi wa masomo ya muziki kupita akibisha nyumba hadi nyumba.

Hapo kwenye akodiani ndipo aliponinasa. Kwetu Mombasa, Mji wa Kale, ami yangu alikuwa nayo moja, nyekundu, imepasuka ubavuni ikazibwa kwa kitambaa na gundi, na ikipumua utasikia mluzi mdogo kabla ya sauti yenyewe. Nilipoisikia akodiani ikitoka mlango wa pili, Januari ile, theluji ikiwa imefika magotini, niligonga kabla sijajua nitasema nini.

Msimu ule watu wakisikia jina langu waliniuliza habari za Iraq, utadhani nina shangazi Baghdad. Yeye alichotaka kujua ni kama akodiani ya ami ilikuwa ya vitufe au ya vibao kama piano. Ya vibao, nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa ukoo wako.

Nikamhadithia habari za Juma Bhalo, ambaye pale Mombasa alichukua tuni za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili, tena mazito, ya mapenzi na machungu. Mimi nilizijua nyimbo za Bhalo kabla ya filamu zenyewe. Siku nilipokaa kwa jirani kutazama filamu ya Kihindi kwenye deki, mara bibi wa watu akaanza kuimba tuni ninayoijua, nilikimbia nyumbani kumwambia ami kwamba Wahindi wamemwibia Bhalo. Ami alicheka hadi akakohoa. Jirani yangu hakucheka. Alinitazama, akasema yeye naye akiwa na miaka saba alipigana na binamu yake akidai Michael Jackson kamwibia Al.

Tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Sasa ikaja habari kwamba Al ataonekana kwenye The Simpsons, akichorwa kama wao, rangi ya manjano, na sauti yake mwenyewe. Kwa asiyejua, katuni hiyo ya familia ya Homer na mkewe Marge ilikuwa tayari na zaidi ya miaka kumi hewani, na ukialikwa humo basi umefika. Mabitozi na maprofesa walikuwa wameshapita. Jirani yangu aliona Al amecheleweshwa mno, na alilisema hilo kwa uchungu wa mtu ambaye babake amenyimwa pensheni.

Kwa wiki mbili ilikuwa ni kubahatisha tu. Atageuza wimbo wa nani? Jirani yangu aliweka dola tano kwamba ni wa Eminem, yule mwanarap. Mwingine akasema atapewa neno moja la salamu na kufukuzwa. Mimi niliweka dola mbili kwamba atapiga akodiani, nikaambiwa hiyo si dau, ni uhakika. Na hofu kubwa ilikuwa vita vya Iraq. Baghdad ilikuwa imeanguka Jumatano, na vipindi vilikuwa vinaweza kukatwa wakati wowote tuonyeshwe vifaru. Hofu hiyo sikuitia neno. Niliona tabu kidogo kukaa kuomba vita visiingilie katuni, lakini sitasema uongo, niliomba.

Kwa hiyo lazima irekodiwe. Jirani yangu alitafuta kanda tupu akakosa, akachukua moja isiyo na jina kwenye rundo la chini ya meza ya ukumbi. Akaisukuma ndani ya deki, akabonyeza kitufe chekundu, deki ikaitema. Akairudisha, ikaitema tena. Wakaanza kusema deki imekufa.

Nikaomba kanda niitazame. Mgongoni, pale pembeni, kile kijino cha plastiki kilikuwa kimevunjwa. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye kaseti anakijua: ukikivunja, hakuna atakayeweza kurekodi juu ya kitu chako, ukitaka kurekodi, ziba tundu. Ami alikuwa akiyaziba ya kaseti zake kwa karatasi ya sigara. Nikaliziba lile kwa tabaka tatu za selotepu, nikalainisha kwa ukucha, nikaitia. Deki ikaimeza. Taa nyekundu ikawaka, ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikasimama kama fundi aliyeokoa meli.

Kwamba kijino hakivunjiki chenyewe, kwamba kuna mtu alikivunja kwa sababu zake, hilo halikumpitia yeyote akilini.

Kipindi kikaanza. Homer amekosana na Marge, amehama nyumba, mambo yanakwenda, na Al haonekani. Kila mlango wa katuni ukifunguliwa mtu anasema "ndiye huyo". Siye. Hata pale alipotokea, ametumwa na Marge kumwimbia Homer ili moyo umlegee arudi nyumbani, nusu yetu tulikuwa tumeshakata tamaa. Haikuwa Eminem. Ilikuwa "Jack & Diane" ya John Mellencamp, imegeuzwa kuwa ya Homer na Marge. Tukapiga kelele hadi maneno yasisikike. Nilimgeukia jirani yangu. Hakuwa anapiga kelele wala kucheka. Midomo ilikuwa ikimchezacheza, anajaribu kuyashika maneno yasimtoke.

Halafu basi. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Walipotoka wengine, tukairudisha kanda nyuma tuutazame wimbo tena, mara mbili, mara tatu. Mara ya nne tukaiacha iendelee. Rekodi yetu ikaisha, kioo kikatetemeka mistari, na ukatokea uwanja wa usiku, fashifashi zinalipuka, watu wenye kofia za kijivu wanakumbatiana wakilia. Jirani yangu akashika kichwa.

Ilikuwa ni fainali ya mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, ya Januari 3, Ohio State ya pale pale Columbus na Miami. Mimi mpira wao ule siujui hata leo, lakini huwezi kuishi Columbus mwaka ule usijue matokeo: 31 kwa 24, baada ya muda wa ziada mara mbili. Na sisi tulikuwa tumerekodi juu ya muda wa ziada.

Tulibandua selotepu. Tukaikunja ndogo, jirani yangu akaitia mfukoni, na kanda tukairudisha chini kabisa ya rundo.

Wiki chache baadaye, karibu na likizo, mwenye kanda aliitoa. Aliwaalika watu, akanunua piza, ukumbi ukajaa hadi mlangoni, nasi tukasimama hapo mlangoni. Dakika za mwisho ubao unasoma 17 kwa 17. Mtu akazima taa. Kila mmoja pale alikuwa akiingoja ile bendera ya refa ya kuonyesha kosa, katika muda wa ziada, ambayo mji mzima ulikuwa ukiibishania tangu Januari.

Likaja tangazo la gari. Kisha mawingu ya katuni, na ile kwaya yao.

"Nani kabadilisha stesheni?" mtu akauliza.

Jirani yangu alinivuta mkono. Tulikuwa tumeshafika ngazini tuliposikia wa kwanza akicheka.