Usiku wa 19 bila mkoromo: mabomba, valvu na wapangaji wasiolipa kodi

Leo ni usiku wa 19 mfululizo tangi langu la samaki halijakoroma. Naandika haraka nisije nikajichuria.

Kwa aliyesahau: tangi ni sentimita 150 kwa 50 kwa 55, mbuna 24 wa Ziwa Nyasa, sampu (tangi dogo la chini la kuchujia maji) ndani ya kabati, kisanduku cha kona ambamo maji ya tangi yanamwagikia kuelekea sampu, chenye matundu mawili. Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Nimeipima kwa ndoo ya lita 20, inajaa kwa sekunde 36, yaani lita 2,000. Ile namba ya kwenye boksi ni ya kuuzia.

Durso, yaani bomba la kuteremshia maji lenye tundu la hewa juu, niliyoisifia hapa mwezi wa tatu, ndiyo iliyoniaibisha. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga, akachagua kulala sebuleni kwa sababu ya feni. Asubuhi nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, “Mkwe wangu, jana nani aliumwa tumbo? Maana choo kimevutwa usiku kucha.”

Hakikuwa choo. Maji yalikuwa yanapanda, yanalijaza bomba, sifoni inashika, yanavutwa yote kwa mkupuo mpaka hewa inaingia, gugugu-fyuuu, halafu yanaanza upya. Kila dakika moja na nusu. Nilitoboa kifuniko kwa drili, milimita 2, nikapanua 3, 4, 5. Kwenye 4 mkoromo ulifupika lakini ukawa wa mara kwa mara. Kwenye 5 ulifanana na mzee anayefyonza chai ya moto kwenye kisosi. Najua wapo ambao Durso zao hazisikiki. Hongereni. Kwangu hewa na maji vikipita bomba moja ni mitala, lazima vigombane.

Kwa hiyo nimehamia mtindo uitwao Herbie: bomba moja lijae maji matupu bila hewa, likabwe na valvu kule chini, na la pili likae kavu kwa dharura, mdomo wake sentimita 3 juu ya usawa wa kawaida wa maji. Tundu la pili lilikuwa la kurudishia maji, nikalinyang'anya kazi hiyo na bomba la kurudishia sasa linapita juu ya ukingo. Faida ambayo sikuitegemea: maji ndani ya kisanduku yamepanda hadi sentimita 5 chini ya kitana, yale meno ya ukingoni maji yanapoingilia. Zamani yalikuwa yanaanguka sentimita 30. Lile porojo la maporomoko limekwisha bila kutoa hata senti.

Sasa Kariakoo. Tanki konekta, viungo vya kupitishia bomba kwenye tundu la tangi, nililetewa na shemeji kutoka Uingereza, za inchi 1. Bomba nilinunua hapa, nalo naambiwa “inchi moja”. Kulichomeka, linacheza kama jino bovu. Bomba la inchi 1 la Kiingereza lina kipenyo cha nje cha milimita 33.5 hivi, hili la kwetu ni milimita 32 kamili. Hiyo moja na nusu haizibwi na gundi hata ukimimina kopo zima. Nilimimina kopo zima. Nilipolirudisha dukani, muuzaji akanitazama kama mtu aliyerudisha mkate kwa kuwa una ganda. “Kaka, inchi ni inchi.” Kilichoniokoa ni nyuzi: sehemu za kukaza kwa nyuzi zinalingana huku na kule, kwa hiyo kila panapokutana Uingereza na Kariakoo nimeweka adapta ya nyuzi na tredi tepu mizunguko saba. Kabla hujanunua drili ya pili nunua kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo. Yangu ya plastiki, ya bei ya soda chache, imenifaa kuliko kifaa chochote mwaka huu.

Valvu. Nilianza na bol valvu kwa sababu ilikuwepo nyumbani. Msitumie bol valvu. Mkono wake unazunguka robo tu, na katika robo hiyo sehemu ninayoitaka ni unene wa kucha. Nikiigusa juu, kisanduku kinafurika. Nikiigusa chini, kinanyonya hewa. Jumamosi nzima niligongagonga mkono wa valvu kwa mpini wa bisibisi, tik, nasubiri dakika kumi, tik. Geti valvu inazunguka mara nyingi kutoka wazi hadi kufungwa, unaweza kuongeza maji kwa tone. Za plastiki sikuzipata, nikachukua ya shaba, nzito, nikaipigia klempu ukutani mwa kabati isining'inize bomba.

Kosa jingine dogo lililonila siku mbili: kila umeme ukikatika na kurudi, sifoni ilikuwa haishiki, maji yote yanakwenda bomba la dharura kwa kelele. Mwisho wa bomba kwenye sampu ulikuwa umezama sentimita 12, na hewa iliyobaki ndani haikuwa na nguvu ya kuisukuma ile maji itoke. Msumeno wa chuma, kata, sasa umezama sentimita 2.5. Sifoni inashika ndani ya dakika moja.

Nikalala nikiwa mshindi. Saa nane usiku: gugugu.

Hapa ndipo ziliponiishia wiki tatu. Mchana kimya, jioni kimya, usiku wa manane maji yanapanda yanaingia bomba la dharura na kukoroma. Asubuhi nafungua valvu yote, naisikia ikifoka, nairudisha kwenye alama, kimya. Mpaka saa nane tena.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa umeme. Nikaamka na mita: saa mbili usiku volti 207, saa nane 238. Nikamwamsha mke wangu kumwambia. Hakufurahi. Na sikuwa sahihi, kwa sababu rota (kile kinachozunguka ndani) ya pampu hii ni sumaku inayofuata mapigo 50 kwa sekunde ya umeme wenyewe. Volti zikipanda hivyo mwendo haubadiliki. Nikapima kwa ndoo saa nane hiyo hiyo, nimevaa shuka: sekunde 36.

Mshukiwa wa pili, maji kukauka. Lakini sampu ikipungua pampu inainua maji kutoka chini zaidi, inatoa kidogo, na kisanduku kingeshuka. Changu kilikuwa kinapanda. Niligundua hivyo baada ya kulipia boya la kujazia maji, basi.

Jibu lilikuwa kwenye soksi ya kuchujia. Kila asubuhi baada ya kufungua valvu nilikuta konokono ndani yake, wale wembamba wenye ganda kama skrubu. Watatu, wanne. Mchana wanajificha mchangani, usiku wanatembea. Nikafungua yunioni, kiungo cha bomba kinachofunguka kwa mkono, saa nane na nusu, tochi mdomoni, na ndani ya geti valvu, pale kwenye upenyo mwembamba kabisa, wamekaa wawili wamebanana mgongo kwa mgongo. Mtu aliwahi kunionya kwamba shaba itawaua konokono. Wangu walikuwa wamehamia ndani yake.

Chujio la kwanza la kuwazuia mdomoni mwa bomba la maji, wavu wa neti, liliziba kwa mwani siku ya nne. La sasa ni kipande cha bomba la inchi 2 kirefu sentimita 15, nimekikata mipasuko kama 60 ya milimita 2 na kupiga msasa kila mmoja. Eneo kubwa, mvuto mdogo, konokono hasukumwi. Nalisugua kila Jumapili. Bomba la dharura halina chujio na halitakuwa nalo: likiziba hilo, maji yanahamia kwenye zulia.

Milango ya kabati niliyoahidi kuipigia godoro ndani ili kuzuia kelele bado imeegemea ukutani. Sina haja nayo, halafu lile boya nililonunua bure limenipa wazo la kulifunga ndani ya kisanduku lizime pampu maji yakizidi, nimeshaanza kuchomelea nyaya.

Kimya kilipoingia nikaanza kusikia pampu yenyewe, mvumo wa nyuki kwenye kioo cha sampu. Nimekata ndala, nikaweka kipande chini ya pampu, mvumo umekwisha. Mke wangu bado anaitafuta ya kushoto.