Barua 11 na msimamizi mmoja

Nilipoanza uzamili nilidhani msimamizi wa tasnifu hupangwa na idara, kama unavyopangiwa chumba cha mtihani. Kumbe kwetu mwanafunzi alitakiwa amtafute mwenyewe, waelewane, kisha apeleke fomu yenye saini kabla ya kuruhusiwa kuwasilisha pendekezo la utafiti. Masomo ya darasani yakaisha. Nilikuwa na alama nzuri, kompyuta iliyojaa makala nisizozisoma, na msimamizi sina.

Mada nilikuwa nayo, au ndivyo nilivyojidanganya: "Matatizo ya kusoma kwa wanafunzi wa shule za msingi". Nilikuwa nimefundisha miaka minne kabla ya kurudi chuoni, kwa hiyo niliona nina haki nayo.

Nikafungua orodha ya wahadhiri, nikachagua wote wenye cheo cha profesa, nikaandika barua pepe moja ndefu na kuwatumia, nikibadilisha jina tu. Barua 11 kwa jioni mbili. Ilianza na "kwa heshima na taadhima", ikasimulia maisha yangu tangu shule ya msingi, ikamaliza kwa kuomba nisimamiwe. Nafasi ya kueleza ninachotaka kukichunguza ilikuwa sentensi moja, nayo ilikuwa ile mada yenyewe. Na barua ya saba ilikwenda kwa mtu mmoja ikiwa na jina la mwingine katika aya ya tatu. Niligundua usiku, nimeshajifunika shuka.

Majibu yalikuwa manne. Mmoja alikuwa anastaafu mwaka unaofuata. Wa pili alikuwa na wanafunzi wanane tayari. Wa tatu ni yule wa barua ya saba: aliandika kwamba yeye siye niliyemkusudia, akanitakia heri, na naamini alicheka. Wa nne aliandika sentensi mbili: "Hii ni kazi ya watu ishirini. Wewe unataka kujua nini hasa?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikachukua daftari nikajaribu kumjibu, bila nia ya kumtumia. Kila nilichoandika kilikuwa pana kama anga, mpaka nilipomkumbuka mtoto mmoja wa darasa la pili niliyemfundisha. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti imenyooka kama ya mtangazaji. Nilipomwuliza ni nani aliyepotea katika ile hadithi, alinitazama kidogo, akarudi juu ya ukurasa akaanza kuusoma upya.

Hapo ndipo swali lilipokuwa limejificha. Kwa lugha ambayo herufi zake hutamkwa karibu kila mara vilevile, kama hii ninayoiandikia, mtoto anaweza kutamka kila neno bila kujua limesema nini. Nikakuta kwamba mwaka 1986 watafiti wawili wa mambo ya kusoma, Gough na Tunmer, walishaliweka jambo hili kama hesabu ya kuzidisha: kusoma kwa kuelewa ni uwezo wa kutambua maneno mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mada yangu ikawa swali: mtoto anayesoma maneno mengi zaidi kwa dakika anaelewa zaidi, au ipo hatua ambayo kasi haimsaidii tena? Mistari miwili. Ilinichukua wiki tatu.

Swali lilipokuwa finyu, orodha ya wahadhiri ikapungua yenyewe. Wengi wa wale 11 hawakuwa na habari na mambo ya kusoma. Nilikuwa nimewasumbua bure. Nikaanza kutafuta watu kwa kazi zao badala ya vyeo vyao, na hapo nikakosea tena, ingawa safari hii kwa namna ya kisomi zaidi. Katika Google Scholar, mtandao wa kutafutia makala za kitaaluma, nilimpata profesa ambaye makala yake kuhusu kasi ya kusoma ilikuwa juu kabisa ya ukurasa wake. Nikaisoma yote, nikamwandikia kwa kuisifu. Akajibu kwa upole kwamba ile ni kazi ya mwaka 2003, na kwamba siku nyingi amehamia kwenye sera za vyuo vikuu. Ukurasa wa mtafiti pale hupanga kazi kwa kuangalia zipi zimerejelewa zaidi, kwa hiyo za zamani ndizo hukaa juu. Unatakiwa ubonyeze palipoandikwa mwaka ndipo uone mtu anashughulika na nini sasa. Mimi nilijua hilo baada ya kuaibika.

Kilichonifaa kuliko vyote kilikuwa maktabani, kwenye rafu za tasnifu za miaka iliyopita, katika ukurasa ambao hakuna anayeusoma: shukrani. Nilisoma za tasnifu kama thelathini. Ukishazoea, unaanza kusikia tofauti. Zipo shukrani za kutimiza wajibu: "namshukuru msimamizi wangu kwa mwongozo wake", basi. Zipo zinazosema alisoma sura ya nne mara tano, au alimtambulisha mwanafunzi kwa mtu wa takwimu pale data zilipomshinda. Wanafunzi watatu wa profesa mmoja, kila mmoja kwa mwaka wake, walimshukuru kwa "kunifundisha subira". Nikamfuta.

Majina yakabaki mawili, nikatafuta wanafunzi wao. Nilishagundua kwamba ukiuliza "ni msimamizi mzuri?" utaambiwa ndiyo, maana nani atamsema msimamizi wake kwa mtu asiyemjua? Kwa hiyo nikauliza: sura ya mwisho uliyompelekea ilirudi baada ya muda gani, na ilirudi na nini? Mwanafunzi wa kwanza akasema, "Bado." Nikamwuliza aliipeleka lini. "Muhula uliopita." Wa pili, aliyekuwa chini ya mhadhiri mwandamizi mmoja, alifungua mkoba akanionyesha. Ilikuwa imekaa wiki mbili, ikarudi imejaa wino mwekundu mpaka pembezoni mwa orodha ya marejeleo.

Huyo wa wino hakuwa profesa. Rafiki yangu mmoja alinionya: ukitaka kuendelea hadi uzamivu, barua ya kukupendekeza ikiwa imesainiwa na profesa ina uzito wake. Ana ukweli, na sitajifanya kwamba sikulifikiria. Lakini barua hiyo huandikwa kwa mtu aliyemaliza, nami nilianza kuona kwamba kumaliza si jambo la hakika.

Barua ya kumi na tatu ilikuwa fupi, inasomeka kwenye simu bila kuvuta chini mara mbili. Nilimweleza habari ya yule mtoto kwa sentensi mbili, nikaandika swali langu, nikataja makala yake ya karibuni na kitu kimoja ndani yake ambacho sikukielewa. Nikaambatisha ukurasa mmoja. Sikumwomba anisimamie, nilimwomba dakika 20.

Siku tisa kimya. Nilishaanza kujiandalia maneno ya kujifariji, nikajilazimisha kutuma mistari miwili ya kukumbusha. Alijibu ndani ya saa moja: alikuwa anasahihisha mitihani, na barua yangu ilizama. Tangu hapo nikiombwa ushauri naanza na hilo, uangalie kalenda ya chuo kabla ya kutuma.

Nilipoingia ofisini kwake ule ukurasa wangu ulikuwa mezani, amezungushia neno moja duara: "anaelewa".

"Utapimaje kuelewa?"

Nikasema nitamwuliza mtoto maswali baada ya kusoma.

"Mtoto mwenye aibu, asiyejibu wageni. Umepima kuelewa, au umepima aibu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali kumi, hilo halikuwemo. Nikasema, "Sijui, Daktari." Nilidhani mazungumzo yameishia hapo. Yeye akavuta kiti karibu na meza, akachukua kalamu, akasema basi hapo ndipo kazi ilipo.

Tukakaa karibu saa nzima. Mwishoni nikajitia moyo nikamwuliza yangu, ambayo nilikuwa nimeyaandika kiganjani kama mwanafunzi wa sekondari: ana wanafunzi wangapi, ana mpango wa kuondoka, na hutumia muda gani kusoma sura. Hakuchukia. Alikuwa na wanafunzi wanne. Muhula wa pili angekwenda likizo ya utafiti miezi sita, lakini angesoma kazi kwa barua pepe na kuongea nami kwa video kila baada ya wiki mbili. Kuhusu sura alisema wiki mbili; ikipita ya tatu nimkumbushe, asingeona ni utovu wa adabu. Na akaongeza jambo ambalo nisingelijua peke yangu: takwimu za aina hii si fani yake, kwa hiyo nitahitaji msimamizi mwenza anayejua upimaji. Akamtaja anayefaa.

Alikuwa yule wa sentensi mbili.

Nilimwambia ukweli wote, pamoja na kwamba nilikasirika siku mbili. Alicheka, akampigia simu palepale. Wiki iliyofuata nilikuwa mlangoni kwa profesa huyo na ukurasa wangu mpya. Aliusoma amesimama. "Sasa ni kazi ya mtu mmoja," akasema, akaomba fomu. Nilitamani kumwonyesha daftari langu la zile wiki tatu, lakini alishageukia kompyuta yake.

Fomu niliipeleka siku ileile, ikiwa na saini mbili. Niliporudi kumwarifu msimamizi wangu, alinipongeza kwa kichwa tu akanipa kazi: kurasa mbili kuhusu namna nitakavyompima mtoto mwenye aibu, nizilete Ijumaa.

Nilizipeleka Jumatatu. Zilirudi baada ya siku nne, zimejaa wino.