Kijana wa gatini

Jana jioni nilikaa kwenye ngazi za stesheni ya Kigoma, ile waliyoijenga Wajerumani, nikitazama ziwa. Nimekuja kwa arobaini ya mama. Mchana tulifungua tranka lake, na chini kabisa, chini ya kanga alizozikunja mwenyewe, nikakuta daftari langu la fizikia la kidato cha pili. Kurasa za katikati hazina fizikia. Kuna MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kwa peni ya bluu, imepasuliwa kama papai: injini, matangi, vitanda vya abiria, hata ndoo ya mpishi.

Mwaka ulikuwa 1997. Wakimbizi wa Zaire walikuwa wanarudishwa kwao, na Liemba ndiyo iliyowavusha. Nilitoroka shule kwenda kuwaangalia wakipanda, magodoro kichwani, kuku kwapani. Meli imejengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa huku vipande vipande, ikazamishwa vitani 1916, ikaopolewa 1924, na bado inarudisha watu makwao! Nilikuwa na miaka 15. Nikaapa nitakuwa fundi wake mkuu.

Leo ni mkaguzi wa hesabu, Dodoma.

Basi nikiwa nimekaa pale, akaja kijana: mimi wa miaka ile. Sisemi nimeona mzuka. Najua msiba na kiza cha magharibi vinavyoweza kuyafanya macho. Lakini nilimjua kwa kiraka cha kaptula na kwa alivyosimama, unyayo mmoja juu ya mwingine.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikaitika, na sauti ikanikwama.

Nilisubiri anilaumu. Jibu nilikuwa nalo, lilelile ninalompa kila mtu, hata mke wangu: baba alifariki, baba mdogo akasema ukoo unahitaji mhasibu, mimi ningefanya nini? Hakuniuliza habari zangu kabisa. Aliuliza, "Liemba bado inatembea?"

Nikashindwa kumwambia kwamba imekaa miaka mingi bila kusafiri. Na hapo jibu langu lote likaporomoka, kwa sababu nilikumbuka selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano.

Nilikuwa nimejaza PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, chaguo la kwanza. Usiku ule baba mdogo hakuwepo hata nyumbani. Nilichukua wembe, kwa mwanga wa koroboi, nikazikwangua zile herufi tatu polepole mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Juu yake nikaandika ECA: uchumi, biashara na uhasibu. Hakuna aliyenishika mkono. Niliogopa kufeli kitu nilichokipenda kuliko vyote, nikaona afadhali nisikijaribu.

Kazi yangu siichukii. Imewasomesha wadogo zangu watatu, na mama amefia kwenye nyumba isiyovuja. Kinachoniuma ni yule mzee niliyemtwisha woga wangu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Asubuhi hii nimepanda daladala hadi Ujiji. Baba mdogo hasikii vizuri siku hizi, ikabidi niseme kwa sauti, majirani wakinisikia, kwamba ile fomu niliibadilisha mwenyewe. Alinyamaza. Kisha akalivuta daftari mapajani, akaipitia meli kwa kidole, sakafu baada ya sakafu. Ujana wake alibeba mizigo bandarini.

"Ngazi ya kushukia kwenye injini umeikosea," akasema. "Una peni?"