Nyimbo za watu mikononi mwa Judas Priest

Jumapili, usiku

Ubishi ni uleule kila mwaka: je, "Diamonds & Rust" na "The Green Manalishi" zihesabiwe kwenye urithi wa Judas Priest, au ziwekwe kando kwa kuwa si tungo zao? Wa upande mmoja wanasema bendi ya metali iliyoanza Birmingham, Uingereza, mwaka 1969, ikaja kutoa albamu za British Steel na Painkiller, haina haja ya kubebwa na nyimbo za watu. Wa upande wa pili wanajibu kwamba ukizitoa hizo mbili, matamasha yao ya mwisho wa miaka ya sabini yanapwaya. Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya jina la mtunzi, wakati jibu limo ndani ya rekodi zenyewe. Sikiliza mkasi ulipita wapi. Priest wakiurudia wimbo wakaupatia, kazi yao kubwa huwa ni kukata.

Joan Baez alitoa "Diamonds & Rust" mwaka 1975, gitaa likipigwa kwa vidole, karibu dakika tano za mwanamke anayepigiwa simu usiku na mpenzi wa zamani. Mpenzi huyo ni Bob Dylan, na Baez aliacha alama za kutosha: kuna ubeti wa vifungo vya mikono ya shati alivyomnunulia, na kuna ubeti wa kijana aliyeibuka akiwa gwiji tayari, akaja kuangukia mikononi mwake. Priest walipouingiza kwenye albamu ya Sin After Sin, iliyotoka Aprili 1977 chini ya mtayarishaji Roger Glover wa Deep Purple, beti hizo mbili hazimo. Zimebaki simu, mwezi mpevu, hoteli chakavu, theluji kwenye nywele, mvuke wa pumzi hewani, na deni la mwisho lililokwisha kulipwa. Wimbo ulikuwa na anwani, wao wakaifuta. Ndiyo maana mwimbaji wao, Rob Halford, anauimba bila kujifanya Baez, na msikilizaji asiyejua lolote kuhusu Dylan hakosi kitu. Dakika tatu na nusu hivi, basi.

Mkato wa pili uko kwenye mkono wa kulia wa wapiga magitaa. Vidole vya Baez vinaziacha nyuzi zilie mpaka zikome zenyewe. Glenn Tipton na K.K. Downing wanazizima kwa ubavu wa kiganja na kupiga harakaharaka chini ya sauti ya Halford, halafu wanaziachia kwenye mabadiliko ya kodi, yaani nota zinazopigwa pamoja. Anayejifunza kuupiga hukosea hapo mara nyingi. Akiweka kiganja mbele mno, mbali na daraja la gitaa, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wake, nota inakufa na kubaki mdundo wa kuni. Akikiweka nyuma mno, nyuzi zinavuma zote. Ubavu wa kiganja ukae palepale nyuzi zinapoondokea kwenye daraja, na mkwaruzo wa ampu, kikuza sauti cha gitaa, upunguzwe kuliko unavyodhani. Rekodi za 1977 zina mkwaruzo mdogo kuliko masikio yetu ya leo yanavyokumbuka. Ukali unatoka kwenye mkono. Ukijaza mkwaruzo, mapigo yanaungana kuwa uji. Kwenye dramu alikuwa Simon Phillips, mpigaji wa kukodiwa, kijana mno wakati huo, na ni yeye anayeuzuia wimbo usikimbie. Msikilize alivyo mtulivu chini ya magitaa yanayohangaika.

Wengi wanabishana wakiwa wameshika rekodi tofauti bila kujua. Kuna toleo la mapema zaidi, la enzi za kampuni ya rekodi ya Gull, ambalo Gull waliliingiza kwenye mkusanyiko wao wa 1978 bendi ikiwa imeshahamia kampuni ya CBS. Hilo si lile la Sin After Sin. Kuna la jukwaani kwenye Unleashed in the East, lililorekodiwa Tokyo mwaka 1979, la kasi zaidi, na hapo kuna doa lake: Halford amekiri kwamba sauti yake ilikuwa mbovu siku zile, akaiimba upya studio. Anayelitumia kama ushahidi wa uwezo wa jukwaani alijue hilo, ingawa magitaa ni ya ukumbini na ni mazuri kupita kiasi. Kuna la '98 Live Meltdown, ambapo Tim Owens, aliyeshika nafasi ya Halford wakati huo, anauimba polepole. Ukitaka kuyalinganisha kwa haki, anza na Baez, kisha 1977, kisha Tokyo, na usawazishe sauti kwa mkono kila unapobadilisha. Matoleo yaliyosafishwa upya mwaka 2001 yamepandishwa sauti, na sikio la binadamu huona chenye kelele zaidi ndicho bora. Hukumu nyingi za "hili lina nguvu kuliko lile" zinatokana na kitasa cha sauti tu.

"The Green Manalishi" una mambo yake. Peter Green aliutunga akiwa Fleetwood Mac, ukatoka 1970, na ndio ulikuwa wimbo wake wa mwisho kama kiongozi wa bendi ile kabla hajaondoka. Ni wimbo wa mtu anayeiogopa pesa, aliyeota ndoto mbaya. Wa Fleetwood Mac una dakika nne na nusu hivi, na sehemu ya mwisho haina maneno: magitaa yanazagaa, Green analia kama mtu aliyepotea usiku. Priest waliikata sehemu hiyo yote. Waliuleta kwenye dakika tatu na ushee, wakaweka magitaa mawili yanayosemezana pale kilio kilipokuwa, na woga wa mtu mmoja ukawa kitisho cha bendi nzima. Hapa nawaelewa wanaolalamika. Kilichokatwa kilikuwa moyo wa wimbo, na ukiujua wa Green kwanza, wa Priest unaweza kuuona mtupu. Mimi naona walifanya biashara ya halali: walijua hawana kile kilio, hawakukiigiza. Bendi nyingi zilizofuata zimejaribu kuiga sehemu ile ya mwisho, na wanachopata ni kelele za dakika mbili.

Tahadhari kwa mnunuzi: ukinunua albamu yao ya Killing Machine ya Uingereza ya 1978, kwenye santuri ya asili wimbo huu hutaukuta. Uliongezwa kwenye toleo la Marekani la 1979, lililobadilishwa jina kuwa Hell Bent for Leather. Ndiyo maana mashabiki wazee wa Uingereza wanauita wimbo wa jukwaani, na wa Marekani wanauita wimbo wa albamu. Wote wanasema kweli.

Sasa ule unaouma. "Better by You, Better than Me" ni wa bendi ya Spooky Tooth, mtunzi Gary Wright, wa 1969. Albamu ya Priest, Stained Class ya 1978, ilikuwa imekaribia kukamilika chini ya Dennis MacKay, kampuni ikataka wimbo wa kuuzika, wakaletewa huu, wakaurekodi na mtayarishaji mwingine, James Guthrie. Sikiliza ulivyo tofauti na majirani zake: dramu ziko karibu zaidi, sauti imesimama mbele, kingo ni safi. Hata kabla ya kusoma majina unajua ni mkono mwingine. Desemba 1985, vijana wawili wa Nevada, Marekani, walijipiga risasi. Mmoja alifariki palepale, mwingine miaka mitatu baadaye. Familia zikadai kwamba ndani ya wimbo kuna amri iliyofichwa, "do it". Kesi ilisikilizwa Reno, jimboni humo, mwaka 1990, Halford akaimba kizimbani, na uchambuzi wa kanda ukaonyesha sauti ile ni mwangwi wa bahati: pumzi yake anayoitoa mwisho wa neno, ikikutana na gitaa lililo kwenye njia nyingine ya kanda. Agosti jaji aliitupa kesi. Huwezi kuzungumzia urithi wa Priest ukaruka kesi ile, na kesi ile ilisimama juu ya wimbo ambao hawakuutunga na ambao kampuni ndiyo iliyoutaka. Anayesema nyimbo za watu hazimo kwenye historia yao aanzie Reno.

"Johnny B. Goode" kwenye Ram It Down, 1988, naupitia haraka. Ulifanywa kwa ajili ya filamu, na haukukaa. Sababu ni ya kiufundi kabisa. Kwa Chuck Berry, mwenye wimbo, 1958, bendi inayumba: kila pigo limegawanywa vipande viwili visivyolingana, cha kwanza kirefu, cha pili kifupi, huku gitaa lake likipiga vipande vilivyo sawa. Msuguano wa hayo mawili ndio unaoinua watu vitini. Priest walivinyoosha vyote viwili, na dramu za albamu ile ni ngumu kama saa ya ukutani. Msuguano ukaisha, zikabaki nota. Huku walikata kitu kisichokatika.

Na mwaka huohuo wa 1988 bendi ya metali ya Slayer walitoa "Dissident Aggressor" kwenye South of Heaven. Huo ni wimbo wa Priest, kutoka Sin After Sin ileile ya "Diamonds & Rust". Yaani Priest walikuwa wanahangaika na Berry, huku kizazi cha pili kikija kuchota kwao. Miaka ikapita, Priest wakaupiga tena jukwaani, na rekodi hiyo ikawapa Grammy ya metali mwaka 2010. Bendi ya Death nao waliifunga albamu yao The Sound of Perseverance ya 1998 kwa "Painkiller" wa Priest. Msomaji wa Kiswahili anayejua "Malaika" umepita kwenye midomo mingapi haoni ajabu hapa. Wimbo hutoka nyumbani na kurudi umekua.

Wanaokataa wana hoja moja nzito, na sitaificha: walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa muziki wa rock, Novemba 2022, Downing, aliyekwisha kuacha bendi, akiwa amerudi jukwaani kwa usiku ule, walipiga "You've Got Another Thing Comin'", "Breaking the Law" na "Living After Midnight". Zote zao. Walipopewa dakika chache za kujieleza, hawakuazima. Lakini Julai 2025, Black Sabbath, bendi nyingine ya Birmingham, wakiaga kwenye uwanja wa Villa Park mjini humo na Priest wakiwa na ahadi ya kupiga na bendi ya Scorpions huko Hannover, Ujerumani, zawadi waliyoituma nyumbani ilikuwa "War Pigs", wimbo wa Sabbath wenyewe, ambao kwa miaka walikuwa wakiupigisha kwenye spika kabla hawajapanda jukwaani. Baadaye likatoka toleo lenye sauti ya Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Sabbath, mapato yakienda kwenye shughuli za ugonjwa wa Parkinson, alionao Tipton.

Kama unataka ushahidi mmoja tu, tafuta Epitaph, filamu ya tamasha lao, iliyorekodiwa Hammersmith, London, Mei 2012. "Diamonds & Rust" unaanza polepole, bila dramu, Halford mwenye miaka 60 akiimba chini, karibu na kipaza sauti, kwa mwendo wa Baez. Downing hayupo tena, mahali pake yupo Richie Faulkner. Kisha mpiga dramu Scott Travis anaingia, viganja vinashuka kwenye madaraja ya magitaa, na wimbo uleule unaendelea kwa mwendo wa 1977. Ukumbi ulikuwa unaimba tangu sehemu ya kwanza.